Sala Moja kwa Kila Kigingi

Zamani watu walisali polepole na mvua ikaingia ardhini polepole. Siku hizi sala zinapigwa mbio, na maji nayo yanapita uani kwa mtu kama mgeni asiyetaka hata kupewa kiti.

Fundi cherehani aliishi muda wa kutosha kuziona nyakati zote mbili, na hakuficha ni zipi alizozipenda. Kusoma alijifunza ukubwani, kwa magazeti makuukuu aliyoyakata kupimia nguo kabla ya kugusa kitambaa, ndiyo maana habari nyingi alizijua nusunusu: nusu nyingine ilikuwa imeondoka na kola ya mtu. Kwa miaka mingi alishona sare za shule iliyokuwa chini ya kilima, sketi zenye pindo pana la kuteremshwa mtoto akirefuka. Kisha sare zikaanza kuletwa zimeshonwa tayari, za kuachia mabegani kabla muhula haujaisha, naye akaifunika cherehani yake shuka kama maiti.

Mkewe alikuwa amemtangulia. Yeye ndiye aliyelima mteremko nyuma ya nyumba, na ndiye aliyesali kwa niaba ya nyumba nzima. Alipofariki, mume aliacha yote mawili, jembe na sala.

Shamba lisilo na mtu halikai kumngoja mwenyewe. Mvua zilichora mfereji, mfereji ukawa korongo, na korongo likaanza kupanda kuelekea jikoni. Udongo uliteremka hadi kwenye tangi la shule, wanafunzi wakawa wanakunywa maji yenye rangi ya chai. Mwanawe wa pekee, dereva wa lori mjini, alikuja akatazama, akashika kiuno.

"Baba, tuuze kabla nyumba haijaliwa. Dalali yupo. Utakaa kwangu, chumba cha nyuma kipo."

"Chumba cha nyuma si unaweka matairi?"

"Nitayatoa."

"Nikifa utayarudisha."

Mwana alicheka, lakini hakubadili neno. Mvua zikiisha na hali ni ileile, shamba linauzwa. Na mzee hakuwa na haja nyingine duniani ila kufia pale mkewe alipolima.

Siku chache baadaye alipanda kilimani mwalimu wa darasa la sita, mwanamke mwembamba ambaye, kwa uhaba wa walimu, alifundisha dini na kilimo, akavichanganya vipindi viwili vikawa kimoja. Nyuma yake watoto na majembe.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Kama ni habari ya tangi lenu, nimeshasikia."

"Sikuja kulalamika. Tunaomba tuchimbe makinga maji hapa kwako. Mitaro ya kuukata mteremko, maji yasimame, udongo uyanywe. Sisi huko chini tutapata maji safi, na wewe korongo litakuacha."

"Hawa? Hata kufunga kamba za viatu hawajui."

"Viatu tutavifundisha kesho," mwalimu alisema bila kucheka. "Leo tuanze na mitaro."

Alikubali kwa kuwa hakuwa na pa kwenda zaidi ya chumba cha matairi.

Chombo chao cha kupimia kilikuwa miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kutoka kileleni kamba yenye jiwe. Miguu ikikaa usawa mmoja, kamba hupita kwenye alama iliyokatwa katikati ya mti wa kukingama. Hapo hupigwa kigingi, fremu ikageuzwa, ukatafutwa usawa mwingine. Shida ni jiwe, maana halikai kimya. Mwalimu aliwaambia jiwe halisomwi mpaka litulie, na kwa kuwa hawakuwa na saa, wasali Salamu Maria moja yote, kwa utulivu, ndipo waitazame kamba. Sala moja kwa kila kigingi. Msoma kamba alikuwa msichana mdogo kuliko wote, wenzake wakimwita Bibi Jiwe, naye jina hilo alilibeba kama cheo.

Mwalimu aliteremka kuwasimamia waliochimba chini. Fundi akabaki juu na wapimaji, kitini.

"Nyinyi, mnapima au mko kanisani?"

"Vyote viwili, Babu," akajibu Bibi Jiwe.

"Kwa mwendo huo mvua itawakuta hapohapo. Mimi nilikuwa namaliza suruali mwenyewe akisubiri mlangoni. Changamkeni."

Mtoto akiambiwa na mkubwa achangamke, huchangamka. Sala ikapoteza pumzi kwanza, kisha ikapoteza maneno, mwishowe ikawa mlio tu, kama cherehani inayokwenda bila kitambaa, na Amina ikafika jiwe likiwa bado linabembea. Vigingi vikasonga mbele vizuri sana. Fundi akaridhika, akasinzia.

Mitaro ikachimbwa kwa kuvifuata vigingi hivyo. Siku chache baadaye mvua ya kwanza ilipiga mchana, darasa likiwa shuleni. Maji yaliingia kwenye mtaro wa juu kama yalivyotakiwa, kisha badala ya kusimama yakaanza kutembea, kwani mtaro ulikuwa umeinama upande mmoja. Yakakusanyika yote kwenye kona, yakavunja ukingo, yakashuka kwa nguvu ambayo hata korongo lenyewe halikuwahi kuyapa. Yaliondoka na maharage machanga yaliyokuwa yamejiotea tu, na ukuta wa nyuma wa jiko.

Fundi aliingia darasani bila hodi, suruali imelowa hadi magotini.

"Mwalimu, umenimaliza. Maji yenyewe yalikuwa na huruma kuliko darasa lako. Mwanangu akija sasa, dalali hatahitaji hata kufungua mdomo."

Mwalimu alianza kuomba radhi, lakini Bibi Jiwe alikuwa ameshasimama.

"Babu, jiwe lilikuwa halijatulia."

"Sasa mbona mlipiga vigingi?"

"Si ulituambia tuchangamke?"

Darasa zima likatazama sakafu. "Kaa chini, umwombe Babu radhi," mwalimu akasema.

"Mwache." Mzee alitafuta pa kukaa, akajibana kwenye dawati la mbele, magoti yakagonga ubao. Alikikumbuka vizuri kiti chake, na usingizi wake pia. "Mwache. Amesema kweli, ila angeisema taratibu."

"Taratibu si uliikataa, Babu," mmoja akanong'ona nyuma.

Walicheka, na yeye akacheka pamoja nao, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu msiba.

Kesho yake walipanda tena. Safari hii mzee aliushika mguu mmoja wa fremu kwa mikono yake.

"Leo anaongoza Babu," akaamuru Bibi Jiwe.

"Nimeisahau."

"Haisahauliki, Babu, ni fupi."

Akaianza. Aliisali kama alivyokuwa akimsikia mkewe jikoni, neno baada ya neno, akivuta pumzi penye kituo. Alipofika "utuombee sisi wakosefu" sauti ilikatika. Watoto wakangoja.

"Babu amelala?"

"Sijalala. Nameza mate."

Akamalizia. Waliposema Amina, kamba ilikuwa imelala juu ya alama, na jiwe limetulia tuli. Aliziongoza zote zilizobaki, kigingi kwa kigingi, hadi koo likamkauka, na hakuna aliyemwambia achangamke.

Mitaro ikachimbwa upya, ikakaa sawa. Mwalimu akawaonyesha mengine: juu, penye mwinuko mkali, hapalimwi, ni miti tu; kwenye kingo, nyasi za kushika udongo; chini, mazao, nayo yafunikwe mizizi kwa majani makavu ili jua lisiyapokonye maji.

Mvua zilipoisha mwana alifika na dalali, mtu wa viatu vilivyochongoka, aliyekuja amejiandaa kulitazama korongo na kutikisa kichwa. Kabla hajalifikia alitumbukia kwenye mtaro, maji yakamfika kwenye ugoko.

"Haya maji yametoka wapi?"

"Hayajatoka popote," Fundi akamjibu. "Ndiyo kwanza yamekubali kukaa."

Mwana aliufuata mtaro mpaka mwisho wake, akarudi. "Nani amefanya hivi?"

"Darasa la sita."

Kijana alitazama maharage mapya, akatazama ukuta wa jiko uliojengwa upya. "Basi matairi nitayaacha palepale, Baba."

Fundi hakuacha kunung'unika. Mpaka leo sare za dukani anaziita matambara, na watu wanaosali huku wakitazama simu hawasamehe. Lakini jioni, akiwa peke yake jikoni, humshukuru Mungu kwa ajili ya mkewe, halafu kwa ajili ya mwalimu, halafu kwa ajili ya yule mtoto mwenye mdomo, na hafanyi haraka.

Mwaka uliofuata darasa lile lilimaliza shule, kila mmoja akaenda na njia yake, na mwalimu akahamishwa. Baada ya mtihani wa mwisho walipanda kilimani bila kutumwa na mtu, wakazoa tope lililokuwa limejaa mitaroni mpaka nguo zao zikawa hazitazamiki. Mzee alitaka kusema neno la maana, akajikuta anawagombeza kwa kukanyaga maharage. Wakaaga, wakateremka wakisukumana, majembe mabegani. Bibi Jiwe peke yake alirudi mbio: kiatu chake kilikuwa kimenasa kwenye tope. Alikichomoa, akamwamkia mzee upya kana kwamba hawajaonana siku hiyo, akawafuata wenzake kwa mguu mmoja, kiatu mkononi.