Kudra na Bandeji ya Siku Tatu

Dada Kudra anakaanga chipsi kituoni Kwa Mathias tangu mimi nimeanza kuuza karanga kwenye mabasi. Anavyogeuza mayai, makonda wanasahau abiria. Siku moja karai likateleza jikoni, mafuta yakamrukia mkono wa kulia. Nilikuwa karibu. Nikavunja mayai mawili, nikampaka. Si ndo dawa ya moto? Na trei la mayai lilikuwa hapo hapo.

Hospitali, nesi Stellamaris alinitolea macho. "Maji ya bomba hamkuyaona, kaka? Umeniletea mkono au chipsi mayai?"

Daktari akasema ngozi ikipona vibaya vidole vitajikunja, mwiko hatashika tena. Hapo ndo Kudra akalia. Kulikuwa na dawa ya majaribio, akakubali, akasaini kwa kushoto. Nesi akampaka jeli, akafunga bandeji, akatueleza: kwenye ile jeli kuna chembe ndogo kiasi kwamba hata vumbi ni kubwa. Zimebeba vipande vya protini vya kuiamsha ngozi ijijenge, zinaviachia taratibu kwa siku tatu.

"Bandeji msifungue. Mkiosha, dawa mmeimwaga."

Kesho yake nafika kwa Kudra, namkuta mama yake, Bi Saburi, katoka kijijini Gwata. Bandeji iko chini, beseni la maji moto na chumvi liko mbele. Kwao kidonda kinakandwa asubuhi na jioni. Usipokanda, humpendi mgonjwa.

Nikawaka. "Bi mkubwa, unamharibia mkono!"

"Wee! Nani alimpaka mayai?"

Nikaiokota bandeji.

Tukarudi hospitali wote watatu. Stellamaris hakugomba. Akapaka upya, akafunga, akamgeukia Bi Saburi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Nina kazi yako. Asubuhi na jioni umkunje na kumnyoosha vidole, bandeji usiifungue. Mwenyewe anaogopa kuumia."

Basi Bi Saburi akaacha beseni, akahamia kwenye vidole. Kudra anapiga kelele, mama hajali. "Mimi nilipokuzaa nilipiga zaidi ya hizo. Kunja!"

Sasa Kudra yuko jikoni kwake. Mkono una rangi mbili, ila vidole vyote vitano vinashika mwiko. Bi Saburi kakaa pembeni anawaambia makonda yeye ndiye kauponya. Nilitaka kubisha, Kudra akanisukumia sahani.

"Mayai mawili hayo. Ya kula, umesikia?"