Mpishi Asiyeonja Nyama Anayoipika

Saa tano asubuhi, siku ya Jumamosi, sufuria mbili zinachemka katika kambi ya wajenzi wa barabara, maili mbili kutoka Igawa. Kubwa ina nyama ya ng'ombe. Ndogo ina maharage yaliyoungwa kwa karanga za kutwanga na uyoga mkavu.

Mpishi, Sedekia Kalinga, anakoroga nyama kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Anafunika. Kisha anageukia upande wa barabara na kuita, "Nyapara! Chumvi!"

Asukile Mwaipopo, nyapara wa vibarua thelathini na wanane, anakuja akijipangusa vumbi usoni. Anachota mchuzi, anaupuliza, anaonja.

"Bado kidogo," anasema.

Kalinga anaongeza chumvi. Nyapara anaonja tena na kutikisa kichwa kukubali, kisha anarudi kwa watu wake.

Hivyo ndivyo ilivyo kila Jumamosi, siku ya posho ya nyama, kwa sababu mpishi mwenyewe hali nyama. Hali kuku wala samaki, hanywi maziwa, hagusi mayai. Amekaa hivyo miaka minane sasa, katika nchi ambayo mgeni asipochinjiwa hata jogoo hujiuliza amekosa nini.

"Watu huniuliza kama mimi ni Msabato," anasema Kalinga, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja. "Mimi ni Mlutheri. Wengine huuliza kama ninaumwa tumbo. Tumbo langu, bwana, linasaga hata mawe!"

Alizaliwa katika vilima vya Mgololo. Kabla ya kuwa mpishi aliendesha maksai waliovuta magogo katika kiwanda kimoja cha mbao. Kwa miaka sita alifanya kazi na maksai mmoja mweusi aliyemwita Sajini, kwa jinsi alivyotembea kama askari aliye kwenye gwaride.

Mwaka 1948, siku ya mvua, gogo liliteleza mlimani likamvunja Sajini miguu yote miwili ya nyuma. Alichinjwa pale pale, na wafanyakazi wakagawana nyama.

"Mimi wakaniletea ulimi, wameufunga kwa jani la boga," anasimulia. "Ndiyo heshima ya mwendeshaji. Sasa ulimi ule ulikuwa umeramba chumvi kwenye kiganja changu asubuhi ile ile."

Aliuzika nyuma ya nyumba. Tangu siku hiyo hakula nyama tena. Maziwa aliyaacha baadaye. "Nikimwona ndama amefungwa mbali na mama yake, koo linakataa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo."

Hakuwa mpole hivi tangu mwanzo. Mwaka wa kwanza aliwahubiria majirani mpaka wakaanza kubadili njia wakimwona. Siku moja kaka wa mkewe alikuja kuwatembelea, na mkewe, Esta, akampikia kuku. Kalinga aliichukua sufuria na kumwaga kila kitu uani, mgeni akitazama.

Esta hakupiga kelele. Alifunga nguo zake, akawachukua watoto, akaondoka na kaka yake.

"Nilimwambia, Baba Marta, usipokula ni shauri lako," anakumbuka Esta. "Lakini mgeni wangu umemfukuza. Ng'ombe unamhurumia, shemeji yako humhurumii?"

Alikaa kwao miezi miwili. Kalinga alimfuata kwa miguu, akawaomba radhi wakwe zake mbele ya ukoo mzima. Akapokewa, na kwa kuwa ilikuwa sherehe ya mapatano, akachinjwa mbuzi. Yeye alikula ugali na majani ya maboga, akanyamaza.

"Siku ile nilijifunza kukaa mezani na watu," anasema. "Hakuna aliyenilazimisha kula, na mimi sikumkaripia mtu. Tukacheka mpaka jioni."

Kazi ya upishi kambini aliipata mwaka jana, 1955, kwa mshahara wa shilingi hamsini na mbili kwa mwezi. Kupika nyama kulimpa shida moyoni, na bado kunampa. Lakini ana watoto wanne. "Ng'ombe wa posho huja amekwisha kufa," anasema polepole. "Nikikataa mimi, atapika mwingine. Sijasema ni jibu zuri. Ndilo nililo nalo."

Kwa miezi minane alikadiria chumvi kwa macho na kwa harufu, na hakuna aliyegundua. Kisha Jumapili moja asubuhi, mwezi wa pili mwaka huu, kibarua mmoja aitwaye Didas aliamka akitapika, hawezi kusimama. Alipelekwa zahanati akiwa amelazwa nyuma ya lori.

Vibarua walikusanyika. Nyapara Asukile akauliza swali ambalo hakuna aliyewahi kulifikiria: "Nani kati yenu amewahi kumwona mpishi huyu akionja nyama yake?"

Vibarua wakasogea mbali na jiko.

Kwa desturi za huku, mwenye pombe hunywa kwanza na mwenye chakula huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna kitu ndani. Mpishi asiyeonja ni mtu wa kuogopwa. Mchana ule uji na ugali vilibaki kwenye sufuria. Neno sumu likaanza kupita mdomo hadi mdomo, na mmoja wa vibarua akasema angalau achapwe kwanza, maswali yafuate. Mzungu msimamizi wa kazi, kwa kuogopa fujo, alisema atamtafuta mpishi mwingine Mbeya, aje na lori la Ijumaa.

"Nilitaka kuwaeleza habari za Sajini," anasema Kalinga. "Nikaona, mtu anayeogopa sumu hawezi kusikiliza habari za maksai. Ana njaa na ana hofu. Nikasema, nimwondolee kwanza hivyo viwili."

Jumatatu mchana alibeba ile sufuria ndogo, ya chakula chake mwenyewe, akaiweka katikati ya kambi. Akakaa chini mbele ya watu wote, akajipakulia maharage kwa ugali, akala sahani nzima bila haraka. Alipomaliza aliacha upawa ndani ya sufuria, akaenda kuosha vyombo.

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa Jailos, mchimba mitaro aliyepita miaka hamsini.

"Nilikuwa sijala tangu Jumamosi, na asubuhi nzima niko na koleo," anasema Jailos. "Nikasema kama ni kufa, heri nife nimeshiba. Nikachota. Nikakuta vipande vyeusi, vitamu kweli. Nikamwuliza, Kalinga, hii nyama ya nini? Akasema uyoga. Nikasema nyamaza, niongeze."

Jumanne watu kumi na mmoja walikula. Jumatano aliyahamishia maharage kwenye sufuria kubwa, wakala wote, isipokuwa nyapara. Kila siku Kalinga alifanya vile vile: alikaa, akala kwanza, akaondoka. Hakutaja sumu, wala hakumtaja Didas.

Alhamisi Didas alirudi, amekonda, shuka mabegani. Aliwakuta wenzake kwenye foleni ya chakula, akasimama mbele yao.

"Kalinga hana kosa," alisema. "Jumamosi jioni nilinunua nyama kwa wachunga ng'ombe kule bondeni. Ng'ombe alikuwa amekufa mwenyewe. Nilijua, na nikaila. Niliona haya kusema."

Mpishi mpya alifika Ijumaa kama ilivyoagizwa, akapewa maharage, akarudi Mbeya kwa lori lile lile.

Asukile hafichi alivyojisikia. "Nilitafuta neno la kumwambia, sikulipata," anasema. "Sisi wanyapara tunajua kuamuru tu. Basi Jumamosi nikaenda jikoni, nikachukua kijiko. Nikamwambia, nyama nitaonja mimi, mbele ya watu. Akasema, karibu. Hakuniuliza mengine."

Tangu hapo maharage hayakuwa ya mpishi peke yake. Siku za kawaida kambi nzima huyala. Hata Jumamosi, nyama ikiwepo, watu tisa huiacha na kwenda upande wa maharage. Nyapara mwenyewe amejiwekea siku mbili za wiki asizokula nyama. Akiulizwa sababu, hujibu kwamba magoti yamepungua kuuma, kisha hubadili mazungumzo.

"Hajawahi kuniambia niache nyama," anasema Jailos, mmoja wa wale tisa. "Angeniambia, ningekula mara mbili!"

Wengine siku hizi humfuata wenyewe jikoni na kumwuliza kwa nini hali. Hapo ndipo huwasimulia habari za Sajini, kwa ufupi, huku akichambua mchele au maharage. Asipoulizwa, hasemi.

Esta amehamia Igawa na watoto. Yeye bado hula nyama, ingawa mara chache. "Krismasi nitamchinja kuku wangu," anasema huku akimtazama mumewe kwa jicho la pembeni. "Yeye ataniwashia moto. Tumekubaliana."

"Nitawasha," anaitikia Kalinga.

Kazi ya kipande hiki cha barabara inatazamiwa kwisha kabla ya mvua za mwakani. Kalinga hafikirii kuhama na kambi. Jumbe, mkuu wa kijiji, amekwisha kumkatia kiwanja kidogo Igawa, kando ya mahali malori ya Iringa na Mbeya yanaposimama kupoza injini, na Asukile ameahidi kuja na watu wake Jumapili mbili kusimamisha nguzo. Hapo atafungua hoteli ya chakula: ugali, wali, maharage, njegere, viazi, mboga za majani na uyoga. Chakula atakachoweza kukionja mwenyewe, kila sufuria.

Majirani wamemwonya kwamba dereva wa lori hashibi bila nyama, na hatua thelathini kutoka kiwanja chake kuna mtu anayechoma nyama tangu asubuhi. Je, dereva akiingia na kuulizia nyama, atamwambiaje?

Kalinga anafunika sufuria ndogo.

"Nitamwelekeza kwa jirani," anasema. "Nitamwelekeza vizuri, asipotee. Lakini kwanza nitampa maji anawe mikono, apumzike kivulini. Na wakati huo maharage yatakuwa yananukia."