Kichungi Nilichokiita Pamba

Nitawasimulia, lakini mniache nimalize kwanza ndipo mcheke, maana mkinikatiza nitaruka sehemu mbaya, na sehemu mbaya ndiyo mkasa wenyewe. Mimi ni mwalimu wa kemia, nimefundisha sekondari hapa Gisenyi miaka kumi na minane, na Jumamosi moja ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, mbele ya majirani zangu wote wa Mbugangari, mama mmoja aliyeishia darasa la tano alinifundisha kemia, kisha mimi mwenyewe, bila mtu kunilazimisha, nikajianika mbele ya mke wangu. Hata leo nikifika kwenye ule ufukwe wa ziwa yalikotokea hayo navuka barabara nipite upande wa pili.

Mke wangu anaitwa Odette, mtu wa Goma, na kwa kuwa kifungua mimba wetu ni Aline, yeye huniita Papa Aline. Miaka miwili kabla ya siku hiyo nilimwambia nimeacha sigara, na kweli niliacha, wiki sita nzima, halafu nikarudia moja kwa siku, halafu mbili, nyuma ya ukuta wa shule, na kila mara nilichagua zile wanazoziita nyepesi, zenye kichungi kirefu na vitundu vidogo pembeni, kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kwamba zile hazihesabiki. (Msiniulize nilisoma wapi. Nimesoma vitabu vingi vya kemia, na katika maisha yangu yote sikuwahi kupasua kichungi kimoja nione ndani kuna nini.)

Basi siku hiyo tulipangiwa kusafisha ufukwe. Tuliokota chupa, kamba, viatu visivyo na wenzake, na vipisi vya sigara vingi kuliko vyote hivyo, vimejificha mchangani hadi likajaa beseni zima. Tangu jana yake jioni sikuwa nimevuta hata moja, na Odette asubuhi nzima alikuwa hatua mbili kutoka nilipo, na reki yake mkononi. Kufikia saa nne kichwa kilikuwa kinanigonga. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, mkutano wa baada ya kazi uishe, nipate kisingizio cha kwenda mahali.

Nyuma ya ufukwe akina mama wa chama cha mboga walikuwa wamechimba shimo la mboji, na majani tuliyong'oa yalikuwa yanakwenda humo pamoja na samadi. Callixte, mkuu wa mudugudu wetu, yaani mtaa, mtu mpole asiyependa kukosea, akalileta lile beseni mbele ya watu wote, akaniuliza, "Mwalimu, wewe uko mutu wa chimie. Hivi vitu vinaoza? Tutupe mu shimo ao tusitupe?"

Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa "sijui, ngoja nitazame", na hilo lingetuweka pale nusu saa nyingine. La pili lilikuwa fupi.

"Ni pamba hiyo," nikasema. "Inaoza kama nguo kuukuu. Mvua ya kwanza tu."

Watu wakaitikia kwa vichwa, maana mwalimu amesema. Beseni likamwagwa shimoni, ndoo tatu za samadi mbichi zikafuata, na akina mama wawili wakashuka kuchanganya kwa majembe.

Ndipo Maman Béatrice aliposogea. Huyu ni mama wa miaka sitini na kitu, aliyerudi kutoka Congo zamani na sasa anakausha sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, na kuziuza, mtu wa maneno machache. Aliegemea jembe lake.

"Mwalimu, unisamehe. Ile haiko pamba."

"Ni pamba, Maman. Tazama tu mwenyewe, nyeupe, laini."

"Naona. Lakini mi nilifanya kazi mu kiwanda ya sigara, kule Congo, myaka kumi na mbili, upande ya filtre. Pamba haikuingiaka pale hata siku moja. Iko plastiki. Wanaitengeneza nyuzi nyembamba kama nywele, ndiyo inafanana na pamba."

Nchi hii mifuko ya plastiki ni marufuku, ukikutwa nayo sokoni unaulizwa, na mimi nilikuwa nimeagiza beseni zima la plastiki liingie kwenye mboji ya mchicha. Hapo ndipo ningenyamaza, nikashukuru, tukavitoa mapema. Badala yake nikacheka kidogo, kile kicheko cha walimu, nikasema sayansi haibishani, inapima. "Pamba ikiungua inabaki majivu, plastiki inayeyuka. Tuchome kimoja tuone." Na nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kibiriti cha gesi.

Mtu aliyeacha sigara miaka miwili iliyopita anatembea na kibiriti cha nini? Odette alikitazama, kisha akanitazama mimi. "Ni cha maabara," nikasema, ingawa hakuna aliyekuwa ameuliza.

Nikachoma kipisi kilichokuwa kimebaki kwenye beseni. Hakikutoa majivu. Kilijikunja, kikatoa harufu kali kama ya siki, na tone likadondoka juu ya kidole gumba changu (kovu lipo, nitawaonyesha), na kilichobaki kikawa kijipande cheusi kigumu. Maman Béatrice akakichukua, akakigonga kwenye bapa la jembe, kikalia kama kijiwe. Akakirudisha kiganjani mwangu.

Sasa mtu mwenye akili angekubali. Mimi nikatafuta pa kusimama. Nikasema sawa, ni plastiki, lakini tusisahau kazi yake, kinachuja, hasa hizi nyepesi zenye vitundu, maana hewa inaingia pembeni inachanganyika na moshi, kwa hiyo kinachomfikia mvutaji ni kidogo sana. Nilieleza kwa moyo wote. Nadhani nilieleza kama mtu anayemtetea ndugu yake.

"Mwalimu, unazijua sana," akasema Hassani, dereva wa moto, yaani pikipiki, wa pale kwetu, bila ubaya wowote.

"Nani ana nzima?" akauliza Maman Béatrice.

Hassani yeye havuti kwa kujificha. Akatoa mbili kwenye pakiti yake, za aina ileile ninayoijua mimi. Maman Béatrice akaishika ya kwanza, akabandua ile karatasi ya kahawia taratibu kwa ukucha, akainyoosha mbele ya jua, na sote tukaona mstari wa nuru, vitone vidogo vidogo vimepangana. Halafu akazivuta zile nyuzi, zikafunguka mkononi mwake, nyeupe, zimejikunjakunja.

"Zinakujaka zimefungwa mizigo mikubwa," akasema. "Mashine inazivuta, inazinyunyizia dawa ili zishikane, inazifunga mu karatasi, inakata. Mi kazi yangu ilikuwa kufinya. Ikiwa ngumu sana, moshi haipite muzuri, muntu analalamika. Ikiwa laini sana, inabonyea mu mudomo. Ni vile tu. Na vitundu, iko mashine ingine inatoboa." Akanipa ile ya pili. "Sasa Mwalimu, ushike vile wavutaji wanashikaka."

Nikashika, na vidole vyangu viwili vikakaa juu ya vile vitundu kana kwamba vilitobolewa kwa kipimo changu.

"Na mu mudomo."

Nikaweka mdomoni.

"Mutazame," akawaambia watu. "Vitundu viko wapi? Vingine viko chini ya vidole, vingine chini ya mudomo. Mu laboratoire ya kiwanda, kule wanapimaka, mashine ndiyo ilikuwa inavuta, wanaandika hii iko nyepesi. Lakini mashine haina vidole."

Nilikuwa namsikiliza, naapa. Maneno yale yalikuwa yananiingia moja moja, miaka yangu yote nyuma ya ukuta wa shule nikiyahesabu upya. Lakini sigara ilikuwa mdomoni, kibiriti kilikuwa mkononi, na upepo wa ziwa ulikuwa unavuma, na mikono ikafanya kazi inayoijua. Ikauzuia upepo, ikawasha. Nikavuta, nikaushikilia moshi ndani, kisha nikautoa kwa pua, polepole. Hassani aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nimefumba macho.

Nilipoyafumbua, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha nne alikuwa anaangalia miguu yake. Odette alikuwa ameligeuza lile beseni tupu, amelikalia.

Callixte akakohoa. "Bon," akasema. "Mwalimu ametuonyesha." Akatazama shimo. "Vipisi vitoke."

Nikaingia wa kwanza, ni haki yangu. Samadi ilifika vifundoni, na vipisi vilikuwa vimelowa, vimekuwa rangi moja na mabua ya majani, kwa hiyo ilikuwa ni kupapasa, kuokota, kufinya uone kama ni mmea au ni kichungi. Wengine wakaja mmoja mmoja na jua linachoma. Nilikuwa nimeinama hivyo niliposikia mtu anashuka kando yangu, nikaona buti za mke wangu.

Tuliokota hadi ndoo ikafika nusu.

"Odette," nikasema mwishowe, "nilitaka kukuambia."

"Kwamba unavuta? Nilijuaka, Papa Aline. Ni mi nafula mashati yako."

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nangoja we mwenyewe useme." Akatupa kipisi kwenye ndoo. "Lakini ile maneno ya vitundu. Uliiamini kweli?"

Nikasema ndiyo.

Akasimama wima, mikono imejaa samadi, akanitazama kama anayetaka kujua kweli. "Papa yangu alivutaka zile za bila filtre. Alikuwa anasema wazi, hii itaniua, na ikamuua. We, mu roho yako, ulikuwa unajiambia nini?"

"Nilikuwa najiambia hizi si sigara."

Hakucheka. Akainama tena, tukaendelea.

Hatukuvitoa vyote. Akina mama wa chama wakaamua shimo lile halifai tena kwa mboga, likaachiwa miche ya miti, na msimu ule wakapanda bila mboji. Shimo jipya nililichimba mimi, Jumamosi mbili, na hakuna aliyenisaidia, na sikumlaumu mtu.

Katikati ya hizo Jumamosi nilikwenda kwa Maman Béatrice kuomba radhi. Alikuwa anageuza sambaza juani. Akanikaribisha kwenye kigoda, akanisikiliza, kisha akasema hakunikasirikia, kwa sababu hata wao kule kiwandani walikuwa na imani hiyohiyo. "Tulijivunia, Mwalimu. Wenzetu walikuwa upande ya tumbako, tukisema, wale wanatia sumu, sisi huku tunaitoa. Bwana yangu alivutaka zile nilikuwa natoka nazo kazini. Nilimuletea mi mwenyewe, nikamwambia vuta hizi, filtre yake nimeifinya na mikono yangu." Akaendelea kugeuza samaki, na mimi sikuuliza huyo bwana yuko wapi, maana ile nyumba nilikuwa naiona ni ya mtu mmoja.

Nilifikiri sana njiani. Nilikuwa nimedhani aibu yangu ni ile ya kuvuta mbele ya watu, lakini hiyo ilipita, watoto wa shule waliniigiza wiki mbili (kwa pua, na macho wamefumba), wakachoka. Iliyobaki ni kwamba niliulizwa swali na watu wanaoniamini, nikawajibu kwa kile nilichohitaji kiwe kweli. Na nilianza kufanya hivyo zamani, nikijijibu mwenyewe.

Muhula uliofuata nilipeleka vichungi darasani, vipya, tukavipasua, tukavichoma, tukanusa ile siki. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa hii kitu iko ya kazi gani?" Nikamwambia kinazuia kidogo, na kinamtuliza mtu sana, na kule kumtuliza ndiko kulikonigharimu mimi. Wote walikuwa wanajua hadithi.

Basi nimejiwekea nadhiri mbili. Nikiulizwa nisichokijua, nasema sijui, hata mkutano ulale pale. Na kuhusu lile jingine, la sigara, Odette huniuliza kila Jumapili baada ya kanisa, bila ukali, tukiwa tunamenya viazi, na mimi namwambia kama ilivyo. Wiki nyingine najibu hakuna. Jumapili iliyopita nilijibu moja, Alhamisi, nyuma ya ukuta. Akatikisa kichwa, akanisogezea kisu na viazi vilivyobaki.