Kondoo Mkubwa Kwenye Kioo cha Saluni

Mwaka 2016 nilikuwa nikipaka hina katika saluni moja ya mtaa wa Turffontein, huko kusini mwa Afrika. Mwenye saluni alikuwa msusi kutoka Lubumbashi, mwanamke wa kanisa, mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata anapoomba kitana. Mimi, mtu wa Tanga, alinipa kona ya dirishani.

Siku moja aliingia mama mmoja wa Kijapani, mtu mzima, akataka maua mkononi. Nilipomaliza aliugeuza mkono huku na huku, akaniambia kwa Kiingereza kwamba Jumamosi asubuhi hufundisha mwandiko wa brashi wa kwao, nyumbani kwake Kensington, mtaa mwingine wa mji uleule, na kwamba mkono kama wangu ungefaa sana. Sifa zikanilevya. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mlangoni kwake hata pazia hajafungua.

Nilidhani nakwenda kuandika, kumbe nakwenda kusaga wino. Unapewa kipande cheusi kama mkaa, kijiwe na matone ya maji, unasaga mpaka bega linalalamika. Hatimaye nikapewa brashi, nikaambiwa nichore mstari mmoja tu, wa kulala. Nikauvuta kutoka kulia kwenda kushoto, kama nilivyozoea utotoni chuo cha Kurani.

"Kinyume," alisema mwalimu.

Nikavuta tena. Mkono ukaenda kulekule.

"Kinyume."

Nilipopatia upande, mstari ulitoka kama mjusi aliyekanyagwa.

Tukinywa chai alinieleza kwamba Wajapani waliazima herufi zao Uchina, ambako alama moja hubeba neno, wakazilazimisha zibebe lugha nyingine kabisa. Baadaye wakawa wanaziandika baadhi harakaharaka, kwa ajili ya sauti tu, mpaka zikalika kama sabuni, zikawa herufi nyepesi ambazo wanawake walizipenda sana. Nikamwambia bibi yangu aliandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na akifika kwenye "papai" anatoka jasho, maana Waarabu hawana "p". Alicheka mpaka akatua kikombe.

Baada ya miezi kadhaa msusi akasema, "Dada, niandikie 'uzuri' ku kioo ya mulango. Wateja batapenda."

Nikaandika ile herufi ya Kijapani kwa rangi nyeusi, kubwa, nikasogea nyuma kujitazama nikitazamwa. Mteja mmoja aliyekuwa akisukwa akauliza ile ni nini. Hapo ndipo ulimi uliponiponza. Nilisimama kama mhadhiri.

"Uzuri. Huyu wa juu, mwenye pembe, ni kondoo. Hapa chini ni 'kubwa'."

Kitana kikasimama hewani.

"Kondoo?" msusi aliuliza. "Kondoo mukubwa? Ku mulango yangu? Batu banakuja kujipamba, weye unabaita kondoo!"

"Mama, ni asili ya herufi tu..."

"Futa!"

Nikasugua kwa maji, nikasugua kwa spiriti, rangi haikubanduka. Kufikia Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari. Nilimsikia mtu akielekeza mwenzake kwa simu: "Pita taa za robot, kata kushoto, kwa Kondoo." Msusi alinisalimia kwa kidevu tu. Nikaanza kuwaza kwamba nitatafuta dirisha jingine, na niliogopa kweli.

Nikamwomba mwalimu aje. Alikuja, akasimama nje akiifuata herufi kwa kidole hewani, akaniambia kwanza kwamba mguu mmoja wa "kubwa" unachechemea. Kisha akaingia. Msusi akamsomea mashtaka yote kwa Kiingereza, kidole kikielekea kwangu.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema wapo wanaoeleza vingine, lakini yeye alifundishwa hivi: zamani kondoo mkubwa, mnono, asiye na dosari, ndiye aliyetolewa sadaka, na kwa hiyo watu wakamwona ndiye mzuri.

Msusi akanigeukia.

"Sadaka! Mbona haukusema ni sadaka? Weye ulisema kondoo tu!"

Akamkalisha mwalimu kwenye kiti, akamwosha nywele kwa mikono yake mwenyewe, akamsukia visuko viwili vyembamba.

Tangu siku hiyo mteja akiuliza kuhusu kioo, sikuruhusiwa kufungua mdomo. Msusi mwenyewe alieleza, na maelezo yalirefuka kila wiki. Uchina ilipata nabii, kondoo akapata mwanakondoo. Mimi nilikoroga hina yangu dirishani na kuitikia amina.