Baba Wakwe Kumi na Saba na Bajaji ya Betri ya Susuni

Saa moja na dakika ishirini na nane asubuhi, Mokami Jackson ameshika usukani wa bajaji ya betri kituoni Susuni, wilayani Tarime, na anaangalia saa. Nyuma yake kuna viti sita. Vitatu vina wanawake na ndizi zao. Vitatu vimebeba hewa.

Hatua kumi kutoka hapo amesimama Mzee Emanueli, goti limevimba kama boga, kadi ya kliniki mfukoni. Anakwenda Tarime mjini. Bajaji nayo inakwenda Tarime mjini. Lakini mzee ameukazia macho mlima wa ng'ambo, kana kwamba bajaji haijawahi kuumbwa.

"Tata, shikamoo. Panda twende," Mokami anamwita baba kwa Kikurya, bila kugeuza shingo.

"Marahaba, mwanangu. Ninyi tangulieni, mimi nasubiri nyingine."

"Nyingine hakuna, tata. Ni hii moja Susuni nzima."

"Basi nitaisubiri hiyo hiyo ikirudi."

Ikirudi itakuwa na dereva yule yule. Mzee anajua, Mokami anajua, na ndizi zinajua. Inatimia saa moja na nusu, bajaji inaondoka kimya kimya, bila hata moshi wa kumpa mzee kisingizio cha kukohoa.

Tatizo si goti wala nauli. Mzee Emanueli alitahiriwa mwaka mmoja na Mzee Mniko, baba wa Anold, na Anold ndiye mume wa Mokami. Kwa Wakurya, waliotahiriwa pamoja ni ndugu, na mke wa mtoto wa mmoja ni mkwe wa wote. Mkwe huyo haketi karibu na baba mkwe. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Sasa ndani ya bajaji mtu atapisha kwenda wapi?

"Niliolewa na Anold mmoja, nikapewa baba wakwe kumi na saba," anasema Mokami, mwenye umri wa miaka thelathini na minne. "Nimewaandika kwenye daftari, jina kwa jina. Wote wazee, wote wana magoti, wote wana kliniki. Hao ndio abiria wa kweli! Vijana wana pikipiki zao."

Susuni wanaiita bajaji hiyo "treni", maana ndicho chombo pekee kinachoondoka kwa saa, kijae kisijae. Si majivuno. Betri ikijaa inatosha kwenda mjini na kurudi mara tatu, basi. Ukimsubiri mtu afunge ng'ombe wake, safari ya jioni itakufia njiani.

Kabla ya treni hiyo, Mokami alibeba mikungu ya ndizi kichwani hadi gulioni. Siku njema alipata shilingi elfu nne, siku mbaya alipata shingo inayouma. Leo mradi ulioleta bajaji unamlipa laki mbili na nusu kwa mwezi, na binti yake yuko kidato cha kwanza.

Lakini mradi una sharti. Wiki ya mwisho ya mwezi huu, treni ibebe abiria thelathini wanaolipa kila siku. Isipofikisha, inahamishiwa Nyakunguru kwa wachimba dhahabu, na Mokami anarudi kwenye mikungu. Wastani wake sasa ni abiria ishirini na mmoja.

"Nyakunguru watu wametoka kila mkoa," anasema Ndalahwa, msimamizi wa mradi, mwenyeji wa Shinyanga. "Kule hakuna aliye mkwe wa mtu."

Ndalahwa aliwahi kumshauri Mokami awaambie tu wazee wapande.

"Nikamuuliza, kaka, wewe kwenu unaweza kumsukumia mama mkwe wako kwenye kiti na kumbana na kiuno? Akajifanya simu inaita."

Mokami hakukaa kimya. Mwezi uliopita alitundika khanga mbili nyuma ya kiti chake, ili wazee wasimwone naye asiwaone. Siku mbili wazee walipanda, tena kwa kugombania. Siku ya tatu, Mzee Emanueli na wenzake wawili walipitishwa kituo chao, kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpigia mkwe kelele mgongoni. Walikuja kukohoa kwa pamoja mbele kabisa. Bajaji ikageuzwa, na kwa mzunguko huo betri ikaishia mlimani.

Wazee wakashuka kusukuma.

"Sasa mimi nifanye nini?" Mokami anauliza, na hasira bado mbichi. "Nikae juu kama malkia, baba wakwe watatu wanisukume kwa nyuma? Nikashuka upesi, nikasimama kando, nikageukia vichakani kwa heshima. Nao wakasukuma wameinamisha vichwa kwa heshima. Ilikuwa heshima tupu pande zote. Usukani haukuwa na mtu!"

Bajaji ilipofika kileleni ikauona mteremko, ikaaga. Iliwaacha wazee mikono hewani na kuingia shambani kwa Kezia, jirani yao, ikalaza migomba minne. Hakuna aliyeumia. Kezia alilia, akacheka alipoelezwa, kisha akaiangalia migomba akalia tena.

Khanga zikarudi kiunoni.

Aliwaza kuomba njia ya upande wa Turwa, alikozaliwa. Akaacha. "Kule wazee wote ni baba zangu. Watapanda wote, na hakuna atakayelipa."

Alichokiogopa Turwa kikamfuata hapa hapa Susuni. Jumatatu iliyopita alimpa usukani wa asubuhi wifi yake Sarah, binti wa Mzee Mniko, ambaye aliendesha bajaji Mwanza miaka miwili na leseni anayo. Kwa wazee wale Sarah ni mtoto wao, si mkwe. Wakatokea wanane kwa viti sita, karibu wachapane fimbo. Ndalahwa, aliyekuja kukagua, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike Mara.

Walipofika mjini, wazee wakashuka, wakambariki Sarah, wakaenda zao kliniki. Nauli ni shilingi elfu moja. Hakuna aliyegusa mfuko. Mzee Emanueli alimwachia mahindi mawili ya kuchoma.

"Abiria asiyelipa hahesabiwi," akasema Ndalahwa, na tabasamu likarudi Shinyanga.

"Nilikaa kwenye jiwe nikashika kichwa," anasema Mokami. "Kwangu hawapandi kwa sababu ni mkwe. Kwa Sarah hawalipi kwa sababu ni mtoto. Sasa nimwajiri nani, Mzungu?"

Modesta, mama mkwe wake mwenye miaka sitini na minane, alikuwa anachambua maharage. Alicheka hadi ungo ukamwagika, kisha akaomba mkoba wa kukusanyia nauli.

"Mimi si mkwe wao, wala si mtoto wao. Ni mke wa mwenzao," anasema. "Wananitania miaka hamsini. Sasa watanilipa."

Ndalahwa amekubali kwa simu. Wiki ya mwisho inaanza kesho. Sarah ataendesha safari za wazee, Mokami zilizobaki, na Modesta atakuwa kondakta siku nzima. Lakini kondakta naye anakula kiti. Viti vitano, mara safari sita, tatu za kwenda na tatu za kurudi, ni thelathini kamili. Hakuna kiti cha kusamehe.

"Nataka treni ibaki Susuni," anasema Mokami. "Nikishinda wiki hii, nitaomba ya pili. Wakwe wapo wa kutosha."

Jioni hii Mzee Emanueli anapita uani, anachechemea. Mokami anajitoa upesi nyuma ya nyumba. Modesta hajitoi.

"Shemeji, kesho unakwenda kliniki?"

"Nakwenda."

"Lete nauli."

"Safari si kesho, mama?"

"Na goti ni la leo. Lete."

"Ee, huyu mwanamke! Mniko anaishi naye vipi?"

"Analipa. Lete."

Noti inachakacha mfukoni mwa koti. Nyuma ya nyumba, Mokami anafungua daftari juu ya goti na kuchora mstari mmoja.

"Bado ishirini na tisa," ananong'ona.