Wajina Wangu wa Ngorongoro

Sisi ni wakulima wa Karatu, watu wa jembe na kanisa, na mimi nilipewa jina la Kimasai. Shuleni walinichokoza mpaka wakachoka. Wakiniona na kikombe cha uji waliniuliza ng'ombe wangu nimewaacha wapi. Nilipigana na mmoja wawili, kisha wakanizoea.

Jina lilitoka juu, Ngorongoro. Baba alikuwa kibarua wa barabara, na kambi yao ilikuwa ukingoni mwa kreta. Mama alimpelekea unga huku tumbo likiwa limeshamwelemea, maana kungoja hakukuwa katika tabia yake. Uchungu ukamkuta njiani, kwenye ule ukungu wa asubuhi. Mwanamke wa Kimasai aliyekuwa akienda kuchota maji alimshika mkono, akamwingiza nyumbani kwake na kumzalisha. Lugha ya pamoja hawakuwa nayo. Walielewana kwa vidole na kwa kucheka. Mama aliweza kumwuliza jambo moja tu kwa uhakika, jina lake, kwa kujigonga kifua kwanza na kusema la kwake. Jina alilojibiwa akanipa mimi.

Asubuhi moja gari la kambi likaja ghafla, likapiga honi, na dereva hakuwa mtu wa kubembelezwa. Yule mwanamke alikuwa ameenda majini. Mama akapanda nami mgongoni, akaondoka bila kuaga.

Jambo hilo lilimkaa moyoni miaka yote. "Shukrani ya punda ni mateke," alikuwa akisema, "na punda mwenyewe ndiye mimi." Mwanzoni mwa miaka ya themanini miguu yake ilianza kuvimba, hata kanisani akawa anafika kwa kupumzika njiani. Hapo ndipo aliponiambia wazi kwamba anataka kitu kimoja: yule mwanamke asikie asante yake kabla mmoja wao hajafa. Mimi ndiye mwenye jina, kwa hiyo mimi ndiye wa kwenda kumtafuta.

Kumtafuta wapi? Kambi ilikuwa imevunjwa zamani, baba alikuwa ameshafariki, na boma la mfugaji halikai mahali pamoja likikusubiri. Lakini wakati huo nilikuwa nikitunza maktaba ya kijiji, chumba kimoja kilichopakana na ofisi ya chama, chenye vitabu vya kilimo bora na vya kujifunza kusoma. Kazi hiyo ilinipa kiburi kidogo. Niliamini kwamba kila kitu duniani kimeandikwa mahali fulani, ni suala la kufungua kabati linalohusika.

Nilianzia parokiani. Padri aliniruhusu kukaa na madaftari ya ubatizo, nikampata wajina wa kwanza, lakini alikuwa mtoto mdogo kuliko mimi. Wajina wa pili nilimwona kwenye gazeti la zamani, naye alikuwa mwanamume. Nilikasirika kana kwamba ameniibia. Mwishowe, kwa kujuana na karani mmoja, nikaingia chumba cha nyaraka kule juu Ngorongoro, penye baridi ya kusomea ukiwa umejifunika kanga mbili. Ripoti zilikuwa za Kiingereza, nami Kiingereza changu kilikuwa cha kuchechemea. Ng'ombe waliandikwa kwa uangalifu mkubwa, rangi zao, pembe zao, magonjwa yao. Wanawake waliandikwa "mke wa fulani", basi. Siku nzima nilisoma wake wa fulani, nikatamani kuitupa ile mikaratasi dirishani.

Kisha nikamwona. Bwana mifugo mmoja alikuwa amelalamika juu ya mwanamke aliyekataa ndama wake achomwe sindano mpaka aelezwe kwanza ina nini ndani. Bwana yule alichukizwa sana hata akaliandika jina lake, pamoja na mahali boma lao lilipohamia kutoka karibu na kambi ya barabara, upande wa Nainokanoka. Nilicheka peke yangu mle chumbani. Nilimpenda papo hapo. Niliona ubishi wangu ulikotoka, ingawa najua ubishi haurithiwi kwa jina.

Mama alinifungia maharage na sukari, nikapata lifti ya lori mpaka lilipoishia, nikamalizia kwa miguu. Kwenye kila boma nilisalimia, kisha nikalitaja lile jina kwa sauti safi, kama ninavyomwita msomaji aliyechelewesha kitabu. Na kila boma walinyamaza. Wanawake walitazama chini. Mzee mmoja aligeuka akaondoka, sentensi yangu ikiwa bado mdomoni. Nikajisemea hawa wana roho mbaya, nimetoka mbali na zawadi mkononi, hata kunionyesha njia hawataki.

Nilifika dukani Nainokanoka nimenuna. Mwenye duka alikuwa mama wa Singida aliyeolewa huko. Alinipa chai, akanisikiliza mpaka hasira ikaniishia, kisha akasema taratibu, "Mwanangu, hawakukunyima. Huku mtu akishafariki, watu wake hawalitaji jina lake tena."

Nikamwuliza kama ana maana kwamba amekufa. Alifuta kikombe kwanza. Akasema kwamba kama wote wamenyamaza, basi ndivyo.

Nililia pale dukani, mbele ya sabuni na viberiti, nikimlilia mtu ambaye hata sura yake siijui. Nilimlilia na mama pia, kwa sababu sikujua nitamrudia na uso gani.

Yule mama wa duka alituma ujumbe, na mchana akaja mwanamume wa makamo, amejifunga shuka jekundu, fimbo mkononi. Alikuwa mtoto wa marehemu. Niliinamisha kichwa, akakigusa kwa kiganja, salamu yao kwa wadogo. Nilimweleza nilikotoka. Akatabasamu. Alinikumbuka. Alikuwa mvulana wa kuchunga mbuzi, na kwa ajili yangu alifukuzwa nyumbani akalale kwa jirani, ambako aliumwa na viroboto. Akasema ameningoja miaka yote anilalamikie wale viroboto.

Nilimpa maharage na sukari, na asante ya mama, nikimwomba aipokee yeye. Nikamwambia jinsi mama anavyojilaumu kwa kuondoka bila kuaga.

"Mama yangu hakukasirika," alisema. "Alirudi na maji, akakuta nyumba tupu, akacheka. Alisema jina lake limekwenda kutembea Karatu."

Alichora chini kwa ncha ya fimbo, akafuta kwa mguu. Nilidhani mazungumzo yamekwisha, nikaanza kukunja mfuko wangu. Ndipo akaniambia kwamba tangu mama yake alipofariki hajalisikia jina lile, mpaka leo watoto walipokuja kusema kuna msichana anapita akilitangaza. Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa.

"Mimi siwezi kulisema. Wewe ni lako. Liseme."

Nililisema. Alifumba macho, akaniomba nilirudie, nikalirudia polepole. Tulipoagana aliniagiza neno moja kwa mama: asiache kuniita.

Nilifika nyumbani kesho yake. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, miguu juu ya gunia, akinisubiri. Nilimweleza yote bila kupunguza, kifo, viroboto, kicheko cha yule mwanamke alipokuta nyumba tupu, na lile neno la mwisho. Alilia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Kisha akainua uso kuelekea milimani, akaniita kwa jina langu kwa sauti yake yote, kama anavyoniita nikiwa shamba la mbali, na mimi nimekaa miguuni pake.

"Abee, mama," nikaitika.