Mwenye Timu Asiyejua Ofsaidi

Miaka ya hamsini nilikuwa winga wa timu yetu ya mtaa hapa Nakuru. Jumapili moja tulikuwa stesheni, wachezaji na mashabiki, tukingoja treni ya kwenda Molo. Timu ilikuwa imepata mwenyewe mpya, mzee mwenye kinu cha kusaga mahindi kule Rongai, na mashabiki hawakuwa na imani naye hata kidogo.

"Huyu anajua unga, hajui mpira," alinong'ona mama muuza ndizi ambaye hakukosa mechi. Kisha akamgeukia yule mzee, aliyekuwa akingoja treni pamoja nasi. "Mzee, ofsaidi ni nini?"

Mzee akavua kofia, akajikuna kichwa.

"Sijui, mama. Nifundishe."

Mama akapiga magoti palepale, akapanga ndizi chini: hizi mabeki, hii mshambuliaji. Mzee akachuchumaa na suti yake, akauliza, akakosea, akauliza tena, mpaka treni ikafika.

Molo tulifungwa matatu bila, na penalti nilikosa mimi. Mashabiki waliondoka wakitutukana. Mzee alibaki kwenye mvua na matope, akimpa kila mchezaji mkono na kumwita kwa jina. Aliponifikia mimi, nililia.

Mama alikuwa bado amesimama pembeni, akitazama.

"Huyu tumpe muda," akasema.

Wenye timu niliowaona baadaye waliujua mpira vizuri sana. Jina la winga wao, wengi wangelazimika kuuliza.